Magurudumu Sita ya Shaba

Wiki iliyopita mteja aliniletea pampu ya kisima iliyokuwa ikivuja. Niliifungua nikakuta bushi yake, ile pete ya shaba inayoshika mhimili, imelika upande mmoja, nikakata kipande kipya na kuanza kukipiga tupa. Baada ya muda nilijifuta jasho puani kwa mgongo wa mkono, na ile harufu ikaniingia: harufu ya shaba iliyosuguliwa, kama ya sarafu iliyokaa ndani ya ngumi ya mtoto aliyetumwa dukani. Nimeinusa kila siku kwa zaidi ya miaka thelathini, maana hii ndiyo kazi inayonilisha hapa Kitui mjini. Lakini siku hiyo niliweka tupa chini. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika baba yangu, na nadhani pua ilikuwa bado haijaambiwa.

Kama umri wetu unalingana, utazikumbuka stovu za kupampu. Tangi la mviringo linalong'aa, miguu mitatu, na ule mvumo wa asubuhi uliokuamsha kabla mama hajakuita. Zilipoanza kuachwa na watu wakahamia zile za utambi, kila boma kule kwetu Mbooni lilibaki na moja imetupwa nyuma ya banda la kuku. Baba yangu alizunguka milima ile akiziomba. Watu walimpa kwa furaha, wakidhani anakwenda kuzitengeneza awarudishie. Yeye alizipeleka nyumbani akazikata vipande.

Alikata tangi kwa mkasi wa mabati, akaichoma ile shaba katika makaa hadi ikawa na rangi ya papai lililoiva, akaitumbukiza majini, kisha akaiponda taratibu juu ya kipande cha reli mpaka ikalala sawa kama karatasi. Kipande hicho cha reli, chenye urefu wa mkono wa mtu mzima, kilikuwa karibu kitu pekee alichotoka nacho kazini. Alikuwa fundi wa injini za mvuke katika karakana ya reli kule Nairobi. Siku moja mnyororo wa kuinulia vyuma uliteleza, ukachukua vidole viwili vya mkono wake wa kulia. Alipotoka hospitali alikuta barua inayosema kwamba kwa mkono ule hataweza tena kazi ya vipimo vidogo. Akarudi nyumbani, kwenye milima ambayo hakuna treni iliyowahi kuipanda wala itakayoipanda.

"Unatengeneza nini, Baba Mumbua?" majirani walimuuliza. Mumbua ni mimi, kifungua mimba wake.

"Injini."

"Ya kinu cha posho?"

"Ya treni."

Hapo waliutazama mkono wake, halafu wakauliza habari za mahindi.

Injini yenyewe ilikuwa na urefu wa dhiraa moja hivi. Kila futi moja ya injini ya kweli, Baba aliifanya nusu inchi ya shaba. Hakuwa na mchoro. Alikuwa ameifungua na kuifunga injini ya aina ile mara nyingi kiasi kwamba aliweza kuniambia, huku akila, bolti ngapi zinashika mlango wa moshi. Sikuelewa wakati ule kwamba alikuwa anaijibu ile barua. Niliona tu mtu mzima anayekaa kwenye kibao chini ya paa la ghala, ameshika tupa kwa vidole vitatu, na kitu kinachong'aa kinaongezeka mbele yake siku baada ya siku.

Kazi yangu ilikuwa feni. Baba alikuwa amefunga mapanga ya bati kwenye gurudumu la baiskeli, na mimi nilizungusha pedali kwa mkono ili upepo uingie chini ya makaa. Nilikuwa na umri wa miaka minane na nilijivunia kazi ile kupita kiasi. Wasichana wenzangu walikuwa wanachota maji. Mimi pia nilichota maji, lakini baadaye nilirudi kuyeyusha shaba, na nilihakikisha wanajua.

Magurudumu ndiyo yaliyomsumbua. Yalikuwa sita makubwa, kila moja na upana kama mdomo wa glasi ndogo ya chai. Baba alichonga kila gurudumu kwa nta ya nyuki, likiwa na njiti zake zote kumi na mbili, nyembamba kama za kiberiti. Akalivika udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akaliacha likauke kivulini kwa siku nyingi, kisha akalichoma. Nta iliyeyuka ikatoka, ikaacha ndani ya udongo nafasi tupu yenye umbo la gurudumu. Ndani ya nafasi ile ndipo alipomimina shaba. Mara ya kwanza njiti hazikujaa. Mara ya pili udongo ulipasuka. Mara ya tatu magurudumu yalitoka na matundu kama mkate. Na kila alipoyeyusha upya, shaba nyingine iliungua ikawa moshi mweupe, mpaka akabaki na shaba isiyotosha hata gurudumu moja.

Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliishi nyumba ya pili uani mwetu. Alikuwa amekaa akitazama hayo yote. Siku ile shaba ilipopungua aliingia kwake akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na bangili za shaba, nzito, zimekuwa nyeusi kwa kukaa.

"Hizi nilizivaa nikiwa msichana," alisema. "Nilipookoka, mchungaji akaniambia nizivue nizitupe. Nilizivua."

"Na kuzitupa?" Baba akauliza.

"Nilimwambia Mungu nimezivua. Kutupa sikumwahidi."

Baba alicheka mpaka akaketi. Kisha akazipokea kwa mikono yote miwili, na kesho yake tukawasha moto. Nilizungusha feni mpaka bega likawaka. Bangili za Susu zililegea, zikalala, zikawa maji yenye rangi ya jua la saa kumi na mbili. Baba aliyamimina kwenye vibumba sita vya udongo vilivyokuwa tayari vimekauka, bila kumwaga hata tone. Tulipovunja udongo siku iliyofuata, magurudumu sita yalikuwa mazima, kila njiti mahali pake. Baba aliyapanga kwenye kitambaa akayatazama kwa muda mrefu. Aliniuliza, "Umeona?" Nikamwambia nimeona.

Jumapili iliyofuata Baba hakwenda kanisani. Alisema ana kazi. Mimi nilikwenda na mama yangu, na katika shule ya Jumapili tukafundishwa na Mwalimu Ndinda.

Mwalimu Ndinda alikuwa hodari wa kusimulia. Alipokuambia habari za gharika, ulitazama juu kuangalia mawingu. Siku hiyo alitupa kisa cha ndama wa dhahabu. Alieleza jinsi wanawake walivyovua mapambo yao, jinsi wanaume walivyoyatupa motoni, na jinsi moto ulivyotoa kitu cha kung'aa ambacho watu walikipigia magoti.

"Na watoto wao walikuwa wapi?" Mwalimu Ndinda akauliza, akituzungushia kidole. "Walikuwa wanapuliza moto!"

Nadhani hilo alilitunga hapo hapo, ili tuchangamke. Kwangu ilikuwa kama jina langu limeitwa.

Akaendelea kueleza jinsi nabii aliposhuka mlimani alivyokasirika, akakisaga kile kitu kikawa unga, akaumwaga majini na kuwanywesha watu. Nilishika kila neno. Tulipofika nyumbani nilikimbia hadi ghalani kabla ya kuvua viatu. Baba alikuwa amepiga magoti. Mbele yake, juu ya kile kipande cha reli, yale magurudumu sita yalikuwa yamesimama mawili mawili kwenye vyuma vyake. Alikuwa ameinamisha kichwa mpaka shavu linakaribia kugusa reli, jicho moja amelifumba, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

Nilirudi nyuma polepole. Sasa nilikuwa na uhakika, na uhakika wa mtoto wa miaka minane hauna nyufa. Baba yangu, mtu mwema kuliko wote niliowajua, alikuwa amepotea, na mimi ndiye niliyepuliza moto.

Nilimwokoa Jumanne. Shule zilikuwa zimefungwa, Baba alikuwa amekwenda kwa jirani kuazima patasi, Mama alikuwa shambani. Niliyachomoa magurudumu kwenye vyuma vyake, nikayafunga kwenye sketi yangu nikashuka nayo hadi kwenye kijito chini ya shamba, pale maji yanapokusanyika na kuwa kidimbwi. Nilikuwa nimebeba na tupa, kwa sababu nabii alisaga. Nilisaga gurudumu la kwanza kwa nguvu zangu zote nikapata unga usiojaa ukucha, nikapiga hesabu nikaona nitamaliza nikiwa mtu mzima. Basi niliyarusha kidimbwini moja moja, nikisema jina la Baba kila mara. Halafu nikakumbuka habari ya kunywa. Nilichota maji kwa viganja nikanywa mara tatu: mara moja kwa ajili ya Baba, mara moja kwa ajili ya Susu na bangili zake, na mara moja kwa ajili yangu. Nilipanda kurudi nyumbani nikiimba.

Jioni Baba alimuuliza kila mtu. Aliponifikia akasema, "Mumbua, yale magurudumu umeyaona?"

"Hayapo," nilimjibu. Lilikuwa jibu la kweli na lilinipendeza sana.

Mama alikumbuka kwamba mchana ule, akiwa shambani, alimwona Musembi akipita. Musembi alikuwa mtu wa kule chini tambarare, akipanda kwetu kila wiki na punda wake kununua vyuma chakavu. Alikuwa amepita uani, Susu akampa karai lililotoboka, akaenda zake. Baba aliketi akitazama mkono wake ule wa vidole vitatu, akiufunga na kuufungua.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na alinichukua nimsaidie kubeba kabichi. Hatukuuza hata moja. Alimwona Musembi karibu na mahali pa mbuzi, punda wake amefungwa kwenye nguzo, akaweka gunia la kabichi chini akamwendea moja kwa moja.

"Musembi, fungua magunia yako."

"Kwema, Baba Mumbua? Hata salamu?"

"Fungua. Jana umetoka kwangu na kitu changu."

"Nimetoka kwako na karai. Mama yako alinipa."

"Umetoka na magurudumu yangu!" Sauti ya Baba ilipaa. Sikuwahi kuisikia ikiwa vile. "Wewe ni mwizi!"

Neno lile wewe unalijua sokoni linafanya nini. Wauza nyanya waliacha nyanya zao. Kabla sijajua, tulikuwa tumezungukwa, na vijana wawili wameshayapindua magunia ya punda. Vilianguka vyuma vya jembe, masufuria yasiyo na tako, mnyororo wa baiskeli, lile karai letu. Musembi alikuwa amesimama katikati, kofia yake imeangushwa, mikono ameiinua kama anayeonyesha kwamba haina kitu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba ameyaficha mwilini. Mwingine akamshika ukosi wa shati. Niligeuka kutafuta pa kupita nikaona, usawa wa macho yangu kabisa, mkono wa mtu ulioshika jiwe.

Mpaka leo nikijiuliza nini kilinifungua mdomo, najibu ni lile jiwe. Lilikuwa la kawaida, lenye udongo upande mmoja, limetoka kuokotwa.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Ni mimi! Nimeyatupa mtoni! Ni mimi, Baba, yako mtoni!"

Ilinibidi niseme mara nyingi, kwa sababu sauti yangu ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Baba ndiye aliyesikia kwanza. Aliwasukuma watu, akamtoa Musembi mikononi mwa yule aliyemshika ukosi, akasimama mbele yake akiwa amenyoosha mikono. "Acheni! Acheni, mtoto anasema!" Nikasema tena. Watu walinitazama, wakamtazama Baba, wakaanza kuondoka mmoja mmoja wakikumbuka nyanya zao. Jiwe sikulisikia likianguka, lakini nilipotazama halikuwepo.

Baba alipiga goti akaanza kuokota vyuma vya Musembi na kuvirudisha guniani. Nilimsaidia. Tulipomaliza alimkaribia akamshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, "Musembi, ndugu yangu, pole. Nimekosa."

Musembi alivaa kofia yake. "Mwizi umeniita kwa sauti ya soko," alisema. "Pole unaniambia kwa sauti ya chumbani." Akamfungua punda wake akaenda.

Njia ya nyumbani ni ya kupanda, na Baba alipanda nusu yake mbele yangu. Kisha akaketi kwenye jiwe kando ya njia akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote: mapambo ya wanawake, moto, ndama, watoto waliokuwa wanapuliza. Nikamwambia nilimwona akipiga magoti akiomba. Nilikuwa nalia, lakini nilikuwa bado nangoja aniambie asante.

"Nilikuwa nasema nini?" akauliza.

"Sijui. Midomo ilikuwa inacheza."

"Nilikuwa nahesabu njiti." Alijifuta uso kwa ile mikono yenye masizi. "Gurudumu liko chini, Mumbua. Ukitaka kujua kama limekaa sawa, lazima jicho lako nalo lishuke chini. Hakuna njia nyingine." Akanivuta karibu naye. "Lakini ulipoona nimepotea, ulikuja kunitoa. Hilo nimelisikia. Siku nyingine uniulize kwanza."

"Na Musembi?"

"Musembi ni kosa langu. Wewe ulitupa magurudumu. Mimi ndiye niliyetupa neno, na neno halichujwi mtoni."

Hakunipiga. Mama alinipiga kidogo, na Susu, aliposikia kwamba nimekunywa maji kwa niaba yake, alicheka mpaka akatokwa na machozi, akasema kwamba yeye dhambi zake zingehitaji kidimbwi kizima.

Siku tatu tuliingia kidimbwini na chekecheo la mchanga. Tulipata magurudumu manne. Mawili yalikuwa yamezama kwenye tope tusikoweza kufika, na naamini yako huko hadi leo. Jioni ya siku ya tatu Baba aliniwekea mbele yangu bonge la nta, kisu kidogo, na gurudumu moja la mfano.

"Mawili yamepotea," alisema. "Basi chonga mawili."

Nilichonga kwa muda wa wiki tatu. Njiti zilivunjika, nikayeyusha nta nikaanza upya. Baba hakuigusa kazi yangu hata mara moja. Alinionyesha kwenye nta yake mwenyewe, akaniacha nihangaike na yangu. Na ndipo nilipogundua kitu ambacho sikumwambia mtu kwa miaka mingi: vidole vyangu vilikuwa vinajua. Kulikuwa na wakati kisu kilipopita kwenye nta na nikajua, kabla sijatazama, kwamba njiti ile imetoka sawa. Tangu siku hiyo nimesikia watu wengi wakinieleza kazi ipi inamfaa mwanamke. Huwa nawaacha wamalize, kisha nawauliza pampu yao ina shida gani.

Magurudumu yangu ya nta yalipokuwa tayari, hatukuwa na shaba ya kumimina. Bangili zilikuwa zimekwisha, na stovu zote za milima ile zilikuwa zimeshageuka boila, lile tangi la injini la kuchemshia maji. Baba alikuwa akitazama bawaba za shaba za mlango wa mbele kwa namna iliyomtia Mama wasiwasi. Ndipo asubuhi moja tuliposikia punda uani.

Musembi hakuingia. Alisimama nje akafungua gunia, akatoa mabomba mawili makubwa ya maji, ya zamani, yale mazito, na koki iliyovunjika. Yote yalikuwa brasi tupu, kama wanunuzi wa vyuma wanavyoiita shaba ile ya njano. Akaviweka chini mbele ya Baba.

"Kule kwetu bado wanasema nina shaba yako," alisema. "Nimechoka kubebeshwa jina bila mzigo. Chukua, ili iwe ni kweli kwamba nilikuwa nayo na nimeirudisha."

Baba aliinama, akayagusa yale mabomba, akainuka. "Musembi," alianza polepole, "ile siku..."

"Bado unanong'ona," Musembi akamkatiza. Lakini safari hii alikunywa chai kabla ya kuondoka, na alipomwona Susu anamchungulia dirishani alimwuliza kama ana karai lingine.

Kuanzia siku ile Baba alifanya kazi kama mtu aliyepangiwa tarehe. Tulimimina magurudumu yangu mawili yakatoka vizuri kwa mara moja. Tuliijaribu boila kwa kuijaza maji na kuikandamiza kwa pampu ya stovu. Ilivuja kwenye mshono mmoja, akaulehemu, tukajaribu tena, ikashika. Alitengeneza pistoni mbili zisizozidi kidole gumba, na vile vyuma virefu vinavyoyaunganisha magurudumu ili yazunguke kwa pamoja. Mvua zikaja, tukavuna maharagwe, mvua zikaenda. Hatimaye ilisimama juu ya meza, nzima, na Baba alikuwa hajaiwasha hata mara moja. Mama alimuuliza anangoja nini.

"Nangoja soko," alisema.

Siku hiyo ya soko tuliteremka sote, hata Susu. Baba alikuwa amepiga vyuma bapa vya kufungia makasha juu ya mbao nyembamba, na hizo ndizo zilizokuwa reli zetu. Tuliziunga moja kwa moja palepale penye mbuzi, ambapo ardhi ni sawa, hatua ishirini nzima. Hukuhitaji kuita watu. Kitu kile kiliwaita chenyewe kwa kung'aa. Baba aliijaza maji, akawasha utambi wa spiriti chini yake, na huku maji yakipata moto akamwendea Musembi aliyekuwa akipima mabati upande wa pili wa soko, akamwomba aje. Musembi alikuja, uso umejikunja.

Baba hakuwa msemaji. Kanisani aliposhuhudia alitumia sentensi mbili. Lakini alisimama katikati ya watu wale akapaza sauti mpaka wauza ndizi wa kule juu wakageuka.

"Mnanijua! Siku ile, hapa hapa, nilimwita mtu huyu mwizi. Wengi wenu mlikuwepo. Nilisema uongo. Hakuchukua kitu changu hata msumari. Baadaye yeye ndiye aliyeniletea shaba ya kumalizia kazi hii, bila kuombwa. Basi kama kuna mtu anataka kumtupia mwizi jiwe leo, anitupie mimi, kwa maana nilimwibia jina lake. Musembi, nimekosa. Nisamehe."

Musembi alitazama chini, kisha akamtazama Baba. "Sasa nimesikia," akasema. Wakashikana mikono, ule wenye vidole vitano na ule wenye vitatu, na watu wakapiga makofi kama kanisani.

Mvuke ulikuwa umeanza kuzomea. Baba alinituma niende mwisho wa reli na kitambaa kilicholoa, kwa sababu injini haikuwa na breki. Nilikimbia, nikachuchumaa, nikatazama nyuma kwa mbali. Baba alikuwa anaonyesha kidole kwenye koki ndogo iliyokuwa nyuma ya boila, akimwambia Musembi jambo. Musembi alikuwa anatikisa kichwa kukataa. Baba akaushika mkono wake akauweka pale.

Musembi aliigeuza. Injini ilikohoa, ikatema maji moto pande zote mbili, watu wakaruka nyuma. Ikakohoa tena. Halafu magurudumu sita yakazunguka kwa pamoja, polepole, yakashika, na ikaanza kuja. Musembi aliifuata ameinama, mikono ameikinga huku na huku bila kuigusa, kama anavyofuatwa mtoto anayejifunza kutembea, akipiga kelele, "Inakuja! Mumbua, inakuja! Shika!"

Niliweka goti moja chini, shavu karibu na udongo, nikaitazama inavyonijia. Haikuyumba hata kidogo. Ilipofika niliipokea kwa mikono miwili.